Nukta za Midomoni

Kama juzi au jana umeambiwa kwamba nukta nyeusi za midomoni mwako zina jina hospitalini, na umerudi nyumbani hujui ukae au usimame, haya nimekuandikia wewe. Mimi mabaya yangu yamepita. Nina kovu kutoka chembe cha moyo mpaka chini ya kitovu, nina mwanangu yu hai, na nina hasira. Watu huniambia niiache, ati mgonjwa aliyepona hushukuru. Nashukuru sana. Hasira nimebaki nayo kwa sababu yapo mambo hayafai kusimuliwa kwa sauti ya upole.

Kwetu ni kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Chole. Katika ukoo wa mama yangu wanawake wengi, na wanaume kadhaa, huota vinukta vyeusi midomoni tangu uchanga, utadhani mtu kawadonoa kwa ncha ya mwiba iliyochovywa kwenye wanja. Wengine wanavyo hata vidoleni. Tulifundishwa kwamba huo ni uzuri. Mtoto akianza kuota meno, bibi zake humkalisha mapajani, humgeuza mdomo wa chini, na wakiziona nukta hupiga vigelegele. Siku ya harusi, bibi harusi wa ukoo wetu asiyekuwa nazo alichorwa za wanja, asije akaaibika mbele ya waliozaliwa nazo. Na wazee walikuwa na neno lao: mwenye nukta hakawii. Walilisema wakitabasamu, kama kumsifu mtu kwamba Mungu anampenda mno, hawezi kumwacha sana duniani. Kwa hiyo wenye nukta waliozwa mapema, wakazaa mapema, wakazikwa mapema, na hakuna aliyeuliza.

Hebu lisome tena neno hilo. Watu wazima walikuwa wamekwisha kuona kwamba wenye nukta hufa vijana. Walilijua vya kutosha kulifanya msemo, na walipomaliza kulifanya msemo wakarudi kusuka ukili wa mikeka. Mama yangu alikuwa na nukta. Alikufa mimi sijavunja ungo, na nilichoambiwa ni kwamba ilikuwa homa.

Yangu yalianza kaskazi moja, nikiwa mkulima wa mwani. Kazi ya mwani ni kuinama tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, unafunga na kufungua, na tumbo langu likaanza kukata kila nikiinama. Lilikata, likaachia, likarudi. Nilikuwa nakaa kitako majini mpaka lipite, wenzangu wakinicheka kwamba nataga kama kasa, nami nikacheka nao. Baadaye chooni nikaanza kuona choo cheusi, halafu damu. Mwili ukaisha. Kucha zikawa nyeupe. Kanga niliyokuwa naizungusha mara moja ikawa inanizunguka mara mbili, na nikipandisha kutoka ufukweni kwenda nyumbani nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni. Nikatamani kula udongo, nikaula kwa siri, mume wangu Shomari akanikuta nikitafuna nyuma ya jiko kama mtoto.

Vituo vya afya nilivyokwenda sivitaji. Nilikaa kwenye mabenchi yake mpaka nikayajua yote, lipi linayumba na lipi lina msumari uliochomoza. Ukifika mbele unaulizwa maneno mawili, umegeuka, umetoka.

"Una mimba?"

"Sina."

"Mumeo anajua kama huna?"

Nikapewa dawa ya minyoo. Nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na damu ikaongezeka, ikapungua tena, maana ndoo inayovuja huijazi kwa kuongeza maji. Niliyameza yote hayo misimu kwa misimu. Siku moja muuguzi alinitazama usoni, akanipa pamba yenye spiriti. "Futa wanja mdomoni, mama. Hapa si harusini." Nikafuta mpaka mdomo ukawaka moto. Nukta zikabaki. Akaziangalia, akaguna, akaita mgonjwa mwingine. Ugonjwa wangu ulikuwa usoni pangu, mchana kweupe, na mtu aliyesomea kazi hiyo akaniambia niusugue utoke.

Kusi ilipoingia, katikati ya Ramadhani, tumbo lilikata na halikuachia. Lilivimba, nikawa natapika kijani. Shomari na majirani walinibeba kwa kitanda cha kamba, na maji yalikuwa yametoka, kwa hiyo walikwenda nami matopeni mpaka magotini kukitafuta chombo kilipoelea. Nataka niseme jambo hapa na asikasirike mtu. Kasa akitaga Juani anawekewa mlinzi, mayai yake yanalindwa mpaka yaanguliwe, na watoto wake wakiteremka baharini wageni wanakuja kuwatazama. Siwalaumu wanaomlinda kasa, naye ni kiumbe. Ila mimi nililala pale matopeni nikijua kabisa kwamba kama ningekuwa na gamba, boti ingekuwa imekwisha kufika. Iliyotuchukua mwishowe ilikuwa boti ya hoteli moja, ya kupeleka wazamiaji. Nahodha wake alituona akageuza, wageni wake wakasogea wakanipa kivuli kwa taulo zao. Yule nahodha nitamwombea dua mpaka nife.

Hospitalini Kilindoni, daktari kijana aliniwekea mkono tumboni mara moja tu, akasema, "Huyu si wa kulala hapa," na akahangaika mwenyewe mpaka nikapata nafasi kwenye ndege ndogo. Nikapasuliwa Dar es Salaam. Utumbo wangu ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa kanzu unaovutwa kwa ndani, na kilichouvuta ni kinyama kilichoota humo. Walikata sehemu iliyokufa wakaunganisha iliyobaki.

Siku za mwanzo baada ya kupasuliwa nakumbuka kiu, na nakumbuka mama mmoja wa Ikwiriri aliyelala kitanda cha pili. Hatukuwa tukijuana. Yeye ndiye aliyenifundisha kukumbatia mto kabla ya kukohoa, ili mshono usikutonese. Uji wake alioletewa na binti yake tulikunywa pamoja, kijiko chake, kijiko changu. Ukilazwa, tafuta mtu kama huyo, na usipompata, kuwa wewe.

Kwenye wodi ile alikuwapo daktari wa kike, Daktari Neema, mtu wa bara, mdogo kwangu kwa umri. Asubuhi moja alisimama miguuni pangu akinitazama mdomo.

"Dada, hizo nukta umezaliwa nazo?"

Nikadhani naye ataniletea spiriti. Badala yake akaomba nifungue kinywa, akamulika kwa tochi ndani ya mashavu. Kisha akavuta kiti. Katika miaka yote ile ya kuumwa, huyo ndiye mganga wa kwanza kukaa.

Alianza kunieleza kwamba mwili ni kama gari na kwamba kwetu breki imekatika. Nikamwambia, "Daktari, Juani hakuna gari." Akacheka, akaanza upya. Akasema mwili hukua kwa vichembe vyake kugawanyika, kimoja kikawa viwili, na ndani ya kila kichembe yupo mwenye kazi ya kusema basi, inatosha. Ni kimeng'enya kimoja tu, jina lake la kitaalamu herufi na tarakimu, sikulishika wala sikulipenda. Katika ukoo wetu huyo msema basi tunarithishana akiwa dhaifu. Pasipo na wa kusema basi, vinyama huota tumboni, na baada ya miaka vingine hugeuka saratani, tumboni au kwenye ziwa au kwingine. Nukta ni dalili yake ya nje, tena hutangulia mbele ya hayo yote.

"Una watoto?"

Nina wawili. Issa hana nukta. Zuhura, aliyekuwa darasa la tano wakati huo, midomo yake ilipigiwa vigelegele kuliko ya mtoto yeyote wa rika lake. Daktari Neema akasema Zuhura aletwe atazamwe kwa kamera ya kwenye mpira unaoingizwa tumboni, vinyama vitolewe vingali vidogo, kabla utumbo wake haujafanya kama wangu. Akasema asingoje aumwe. Nililia siku hiyo, na mama wa Ikwiriri akalia nami bila kuuliza sababu.

Nikarudi nyumbani mtu mwingine. Nywele za mbele zilinyonyoka. Majini nilikatazwa, mwani wangu ukavunwa na wengine. Mama mkwe alimshauri Shomari aongeze mke anayeweza kuinama, na Shomari akamjibu, "Mama, huyu nimemzoea." Si jawabu la kimapenzi, lakini alilisema huku akiosha masufuria, nami nikaliridhia.

Masika yalipoisha nikampeleka Zuhura Dar, kwa boti mpaka Nyamisati na basi kutoka hapo. Daktari Neema alitupokea vizuri, ila mwenye kuamua nani aingie kwenye kamera ni mkubwa wake, mwanamume mwenye haraka.

"Mtoto anakula?"

"Anakula."

"Anacheza?"

"Anacheza, daktari."

"Sasa mnataka nini? Wagonjwa wa kweli wamejaa hapo nje."

Daktari Neema akamweleza habari za nukta, kwa heshima, mikono nyuma. Yeye akasema hata wasioumwa huwa na madoa mdomoni, na mtoto asiyeumwa hatiwi usingizi kwa madoa. Kama ni ugonjwa wa ukoo, basi ukoo uonekane. Akanigeukia. "Mama yako alikufa kwa nini?"

"Niliambiwa homa."

"Bibi yako?"

"Sijui. Uzee." Hakuwa mzee, na nilijua hakuwa mzee wakati nikilitamka.

"Mkipata maelezo ya maana mrudi."

Na hapo ndipo niliposhindwa hata kumlaani sawasawa, maana alichokitaka kilikuwa haki na mimi sikuwa nacho. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu hata kilio hakikuumbua kitu. Tulilia, tukazika, tukala hitima, na hakuna aliyekuwa anajua tumemzika nani kwa lipi. Ndani ya basi la kurudi Zuhura alikuwa anakula muhindi wa kuchoma, akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mimi siumwi?" Nikamwambia ale, ila punje mbichi azitupe.

Mtu mmoja tu alikuwa anajua. Mama mkubwa Mwanahawa, dada yake mama, ndiye aliyenilea. Yeye hana nukta. Kwenye harusi yake alichorwa za wanja, na sasa ana mvi kichwa kizima wakati wadogo zake wote wako kaburini. Na yeye ndiye mwosha maiti wa kike wa kwetu. Tangu ujana wake hakuna mwanamke wa ukoo aliyefika kaburini bila kupita mikononi mwake.

Nilimkuta uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wamemwonaje?"

"Mama, siku ile ulipomwosha marehemu mama yangu, tumbo lake lilikuwaje?"

Ungo ukasimama. "Hilo usiniulize."

"Nakuuliza."

"Maiti ana siri yake, na siri hiyo anaiacha kwa mwosha. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nitakavyoulizwa mbele ya Mungu. Nisimame hospitalini niwavue nguo wafu wangu mbele ya wanaume?"

"Wafu wako wameshafika, mama. Mimi nazungumza habari za Zuhura."

"Zuhura haumwi. Wewe ndiye unayemtafutia. Kesho ikijulikana ana maradhi ya kurithi, nani atakuja kumposa?"

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia tangu anilee. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Nilikasirikia vigelegele, nikakasirikia wanja, nikakasirikia ile adabu ya kumsitiri maiti ambayo ni adabu njema kabisa, nami mwenyewe ningependa nisitiriwe. Lakini sitara ile ilikuwa imefunika maradhi mamoja kwa sanda nyingi, kila sanda peke yake, mpaka kila kifo kikaonekana hakina ndugu. Kusi nzima ikapita hatusemezani. Alikuwa akimtuma mtu na vibibi vya unga wa mchele vya kumpa Zuhura siku za Ijumaa. Zuhura alivila. Mimi sikuvigusa.

Yaliyokuja baadaye nakwambia hapahapa, usije ukaendelea kusoma roho juu. Zuhura aliingizwa kamera. Walimkuta na vinyama, kimoja kikubwa kama kokwa la tende, wakavitoa kwa mpira uleule bila kisu, na jioni alikuwa anadai chipsi. Sasa yuko sekondari, na kila baada ya miaka kadhaa tunarudi, yeye na mimi, tunafunga pamoja, tunakunywa pamoja ile dawa mbaya ya kusafisha tumbo na kugombea choo. Hatujapona na hatutapona, ila tunatazamwa. Na wewe unayesoma, wageuze wanao midomo uwatazame na ndani ya mashavu, maana za midomoni mtu akikua huweza kufifia na za ndani hubaki. Lakini mlango ule wa kamera haukufunguka wenyewe, na nataka ujue ulivyofunguka.

Siku ya kliniki yangu ilipofika tulitoka asubuhi, Shomari, Zuhura na mimi. Kule wanakopandia watu chombo tulimkuta Mama mkubwa amekaa juu ya mkoba wake, amevaa buibui la safari.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nakwenda nanyi."

Kwenye boti alitapika, kwenye basi alisali kimyakimya, na kwenye benchi la hospitali alikaa wima toka asubuhi mpaka tulipoitwa. Tulipoingia, mkubwa yule alikuwapo pamoja na Daktari Neema. Mama mkubwa akamtazama.

"Mwanangu, samahani, wewe utatupisha. Haya ni ya wanawake." Sidhani kama aliwahi kuambiwa hivyo ofisini kwake. Alisita, kisha akatoka. Mama mkubwa akamwambia Zuhura naye aende akakae na baba yake. Mlango ulipofungwa, akamgeukia Daktari Neema.

"Nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani nikamuuliza. Kaniambia aliye hai naye ana haki ya kusitiriwa. Basi sikiliza, maana sitayarudia."

Akaanza na mama yangu. Akasema tumbo lake lilikuwa gumu upande mmoja, na kwamba kila walipomaliza kumwosha damu ilitoka tena, mpaka wakamaliza pamba yote ya nyumbani na kwenda kuomba ya jirani. Homa aliisema yeye mwenyewe, kwa sababu mimi na wadogo zangu tulikuwa mlangoni tunauliza. Kisha akamsema mama yao mzazi, bibi yangu, aliyekuwa na donda kwenye ziwa, kalifunga kwa kitambaa, na mumewe alimzika bila kujua. Akamsema Siti, binamu yao, aliyekufa hajaolewa, tumbo limejaa. Habari za Siti nilikuwa nazijua tangu utotoni. Kijiji kizima kilikuwa kinazijua, kwamba alikufa na mimba ya haramu, na baba yake hakuinua uso mpaka naye akafa.

"Haikuwa mimba," Mama mkubwa akasema. "Mimi nilimgusa. Nilijua haikuwa mimba, nikanyamaza, kwa kuwa ndiyo kazi."

Aliendelea. Wengine sikuwahi kuwasikia majina. Wote, alisema, alipokuwa akiwasafisha vinywa kwa kitambaa aliziona nukta ndani ya mashavu, hata kwa wale ambao midomoni zilikuwa zimefutika. Alisema akitazama mikono yake. Nilikuwa nataka kumpiga na nilikuwa nataka kumshika, na nikakaa tu pale na kovu langu. Alimtaja Siti mara ya pili.

Daktari Neema akauliza taratibu, "Yupo mwingine, bibi?"

"Waliokufa wamekwisha." Akaugeukia mlango. Kwa nje tulikuwa tunamsikia Zuhura akimsimulia baba yake jambo na kucheka. "Yuko yule hapo nje. Na yule, mwanangu, mimi sitaki kumwosha."

Daktari Neema akainuka akaenda kumwita mkubwa wake.